Studio ya shule ianzie kwenye godoro

UBAO NA CHAKI
Na Zuhura Kombo

Mwaka 1923 wanafunzi wa shule ya ufundi ya Benson Polytechnic, mjini Portland nchini Marekani, walinunua mitambo ya redio kutoka kwa kampuni moja ya umeme ya mjini humo, wakaanza kurusha matangazo. Kituo hicho baadaye kiliitwa KBPS, na herufi tatu za mwisho ni za jina la shule yao. Walionunua ni wanafunzi, na hilo ndilo la kushikwa.

Huku kwetu redio imefundisha watoto kwa miaka mingi. Zanzibar ilikuwa na “Tucheze Tujifunze”, kipindi cha nyimbo na michezo kwa wadogo. Shule za Kenya zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya Uviko-19, masomo ya KICD, taasisi ya mitaala ya nchi hiyo, yaliwafikia watoto majumbani kupitia redio ya KBC. Kazi njema kabisa, lakini mtoto alibaki upande wa kusikiliza. Studio ndani ya shule humvusha. Yeye ndiye anayeuliza, anayekata na kuunganisha sauti, anayesikia kwa masikio yake kuwa swali lake lilikuwa refu mno, akalirudia.

Inasikitisha basi kamati ya shule inapoanza na mnara. Mnara unadai masafa na leseni, ya TCRA kwa Tanzania au ya Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya, na gharama zake haziishi. Waya unaopeleka sauti hadi kwenye spika za uwanjani unatosha kabisa kwa miaka ya mwanzo, vipindi vikasikika asubuhi mstarini.

Fedha ziende kwanza kwenye utulivu wa chumba. Darasa la kuta za saruji na dari tupu hurudisha sauti kama kisima, na msikilizaji huchoka kabla hajajua kinachomchosha. Wengi hukimbilia kubandika trei za mayai ukutani. Ni kadibodi nyepesi: hazizuii kelele za nje, mwangwi huupunguza kidogo tu, na zikishika moto huwaka upesi. Godoro kuukuu la bwenini, mapazia mazito na zulia sakafuni hufanya kazi kubwa zaidi. Stoo ndogo iliyojaa vitambaa hushinda ukumbi mkubwa. Koch FM ya Korogocho, Nairobi, iliyoanzishwa na vijana mwaka 2006, ilifanya studio yake ndani ya kontena.

Mvua juu ya bati haina dawa ya bei nafuu. Rekodini kabla haijanyesha.

Maikrofoni nayo ichaguliwe kwa kufuata chumba. Ya kondensa hunasa kila kitu, pamoja na jogoo wa jirani. Ya dainamiki humsikia zaidi aliye karibu nayo, kwa hiyo ndiyo inayoifaa shule. Kompyuta moja yenye Audacity, programu ya bure, inatosha kuhariri. Ikikosekana, simu ya shule itaanza kazi, ihifadhiwe ofisini kwa kuwa shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu.

Jambo gumu kuliko vifaa ni ufunguo. Mwalimu mmoja mwenye ari akipata uhamisho, chumba hufungwa kwa kufuli na vumbi likatawala. Hilo huzuilika iwapo kidato cha tatu kitafundisha kidato cha kwanza tangu muhula wa kwanza, na ratiba ya zamu ikabandikwa mlangoni kwa majina ya wanafunzi. Mwalimu abaki mlezi: asikilize kabla ya kurusha, ahakikishe hakuna mtoto anayeanikwa mambo ya nyumbani kwao, kisha awaachie kazi.

Kipindi cha kwanza kisizidi dakika tano. Waende jikoni alfajiri na kinasa sauti, wamuulize mpishi anaamka saa ngapi kuwasha moto wa uji, na kabla hajajibu warekodi kuni zinavyopasuka.