Gari la manyuali na mfumo wa kushika mlima: msaada au kero?



Leo natoa maoni yangu juu ya jambo linalobishaniwa sana na madereva wetu wakati wa kusubiri mzigo: ule mfumo wa kwenye magari ya miaka ya karibuni unaoshika breki wenyewe kwa muda mfupi unapoondoka mlimani. Wapo wanaousifu, wapo wanaosema ni usumbufu, na wapo wanaotaka fundi auzime kabisa. Niseme msimamo wangu mapema. Kwa gari la manyuali linalobeba mazao milimani, mfumo huu ni msaada. Kero zake zipo na nitazitaja, lakini ni ndogo ukilinganisha na kinachopotea gari likirudi nyuma. Tena msaada wenyewe una mipaka, na asiyeijua mipaka hiyo yuko hatarini kuliko dereva ambaye hana mfumo kabisa na anajua hana.

Kama unajiuliza afisa ugani anatafuta nini kwenye klachi na breki, jibu ni rahisi: kabichi haina faida mpaka ifike sokoni. Unapalilia miezi mitatu, unapiga dawa, unavuna vizuri, halafu mzigo wote unakabidhiwa kwa mtu mmoja mwenye usukani. Anavyoondoka mlimani ni sehemu ya mavuno yako.

Kinachotokea kwenye mwinuko

Chukua barabara ya kutoka Mombo kupanda Lushoto. Ni kilomita zipatazo 33, nyembamba, kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mlima na upande mwingine bonde. Lori linashuka na mboga za Lukozi, pikapu inapanda na mbolea. Wakikutana pabaya, mmoja husimama ampishe mwenzake. Aliyesimama akiwa anapanda inabidi aondoke tena palepale kwenye mwinuko. Watu wa Mgeta na wa Rungwe wanaijua hali hii vilevile.

Dereva wa manyuali ana pedali 3 na miguu 2. Mguu wa kushoto uko kwenye klachi. Wa kulia uko kwenye breki, na huohuo ndio unaotakiwa uende kwenye mafuta. Katika muda ule wa kuhama kutoka breki kwenda mafuta, kama klachi bado haijashika, hakuna kinachozuia gari.

Tupige hesabu. Kenta yenye uzito wa tani 5 pamoja na mzigo, kwenye mlima unaopanda mita 1 kwa kila mita 10, inavutwa nyuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa karibu kilo 500. Ikiachiwa, ndani ya sekunde 1 itakuwa imerudi karibu nusu mita. Ndani ya sekunde 2 itakaribia mita 2. Ukinzani wa matairi unapunguza kidogo tu. Mita 2 ni nyingi sana kama nyuma yako kuna bodaboda, kuna mama na beseni lake la ndizi, au kuna ukingo wa barabara.

Madereva wetu wana njia tatu za kukabiliana na hali hii.

Ya kwanza ni breki ya mkono, ambayo ndiyo wanayofundisha shule za udereva. Ni njia nzuri ikiwa breki yenyewe inashika. Lakini kwenye magari mengi ya mizigo tunayoyakodi, waya umelegea na ukiuvuta mpaka mwisho gari bado linateleza. Tena Kenta nyingi breki yao ya mkono hushika shafti inayotoka kwenye gia boksi, haishiki magurudumu yenyewe. Ikichakaa, dereva hujua siku anapoihitaji.

Ya pili ni kulishikilia gari kwa klachi: dereva anaachia klachi nusu, anakanyaga mafuta, gari linaning'inia hapo bila kwenda mbele wala kurudi. Kwa sekunde chache si neno. Lakini dereva anayengoja lori lipite huku ananing'iniza gari namna hiyo anasaga klachi pleti kama mtu anayesaga mahindi. Ile harufu ya kuungua mnayoisikia mlimani ndiyo hiyo.

Ya tatu ni utingo na kabari. Kijana anaruka, anakimbia nyuma ya gari, anasukuma jiwe au gogo chini ya tairi. Nimewaona wengi kwenye magulio yetu, na kila mara namtazama yule kijana mikono yake. Jiwe likiteleza, au dereva akikosea klachi wakati vidole bado viko chini ya tairi, hakuna tena la kufanya. Tumeizoea mno kazi hii mpaka tunaiona ya kawaida.

Mfumo unafanyaje kazi

Wazo lenyewe si geni. Studebaker ya Marekani iliweka kifaa cha namna hii kwenye magari yake mwaka 1936. Subaru za manyuali za miaka ya 1980 zilikuwa nacho pia, kikitumia valvu ndogo ya breki iliyofungwa na waya wa klachi.

Mifumo ya sasa hufanya kazi kupitia mitambo ya ABS. Gari lina kihisio kinachotambua kwamba liko kwenye mwinuko. Ukisimama kwa breki ya mguu kisha ukaiachia, mfumo hauachii presha ya breki mara moja. Unaishikilia kwa muda, mara nyingi kama sekunde 2 hivi, ili mguu wako uwahi kwenye mafuta. Klachi ikishashika na injini ikianza kuvuta, breki inaachia na gari linapanda. Kwenye Toyota utaukuta kwa herufi HAC, kwenye Isuzu HSA. Hilux nyingi za kizazi kilichoanza 2015 zinao. Pikapu za zamani, ambazo ndizo nyingi vijijini, hazina.

Wanaoukataa wanasema nini

Hoja ya kwanza: "Gari linang'ang'ania." Unapogeuza gari sehemu finyu, tuseme unapanga pikapu kwenye ghala lenye mwinuko, unataka lirudi kidogo kwa uzito wake, nalo linakataa. Ukiongeza mafuta, breki inaachia ghafla na gari linaruka. Hii ni kero ya kweli. Lakini inatokana na dereva kuendesha gari jipya kwa mazoea ya gari la zamani. Dawa yake ni kuachia klachi taratibu mpaka injini ibadilike sauti, ndipo uongeze mafuta. Baada ya siku chache mguu unazoea. Kama unataka gari lirudi kwa uzito wake, subiri zile sekunde 2 zipite huku mguu wako uko juu ya breki, kisha uliachie kidogo kidogo. Kwenye baadhi ya magari mfumo unaweza kuzimwa kwa swichi. Kama lako linayo, izime wakati wa kupanga gari kisha uiwashe kabla hujaingia barabarani.

Hoja ya pili: "Unamfanya dereva mvivu." Wanasema kijana aliyejifunzia gari lenye mfumo huu akipewa Kenta ya zamani atarudi nyuma mpaka bondeni. Hoja hii naiheshimu, kwa sababu madereva wetu hubadilishana magari kila siku. Hata hivyo ni hoja ya kumfundisha dereva, haitoshi kuwa sababu ya kuukataa mfumo. Ajifunze kwanza breki ya mkono, aiweze, ndipo msaada uje juu ya ujuzi. Mzoea punda hapandi farasi, lakini anayeweza vyote viwili hakwami popote.

Hoja ya tatu: "Ukiharibika ni gharama." Ni kweli mitambo ya ABS si ya kugongwa nyundo chini ya mwembe. Inahitaji fundi mwenye kifaa cha kusoma hitilafu, na spea zake si rahisi. Lakini piga hesabu ya upande wa pili: klachi inayoungua kila baada ya misimu michache, na siku ambazo gari limelala gereji wakati nyanya zinaiva. Tena ABS ikiwa kwenye gari unailipia hata hivyo, kwa sababu ndiyo inayokusaidia kwenye mteremko.

Kuna faida moja ambayo madereva hawaitaji kwa sababu haiwahusu wao, inatuhusu sisi wenye mazao. Gari linaporudi nyuma kisha dereva akalikamata kwa kuachia klachi kwa kishindo, matenga ya nyanya yanasukumana. Ya nyuma yanabeba uzito wa ya mbele, na nyanya za chini zinapasuka. Ukifika sokoni dalali anakuonesha maji yanayochuruzika na kukata bei. Kuondoka bila mshtuko ni pesa.

Mipaka ambayo lazima uijue

Hapa ndipo nina wasiwasi mkubwa kuliko kwenye kero.

Sekunde 2 si breki ya mkono. Zikipita, gari linaachiwa hata kama hujawa tayari. Dereva anayeachia breki, akageuka kujibu simu, au akafungua mlango kumwita utingo, atashtukia anarudi. Kushuka kwenye gari kwa kutegemea mfumo huu ni hatari kubwa.

Mfumo unashika kwa breki zilezile ulizonazo. Pedi zikiwa zimekwisha, au mafuta ya breki yanavuja, hakuna muujiza. Na kwenye utelezi wa masika magurudumu yanaweza kushikwa kabisa na gari bado likateleza juu ya matope.

Mfumo haujui umebeba lumbesa. Gari lililozidishiwa mzigo linahitaji nguvu zaidi kushikwa na zaidi kuondoka. Mzigo mzito ukirundikwa nyuma kabisa, sehemu ya mbele inakuwa nyepesi na usukani unapoteza uzito wake. Panga vizito mbele, karibu na kabini, na funga kamba.

Tena, taa ya ABS ikiwaka na kubaki imewaka, hesabu kwamba huna mfumo. Rudi kwenye breki ya mkono mara moja.

Ushauri wangu

Kwa anayenunua gari lililotumika: usiishie kuambiwa "linayo." Washa swichi bila kuwasha injini, tazama dashibodi. Taa ya ABS inatakiwa iwake kisha izime baada ya kuwasha injini. Isipowaka kabisa, uliza kwa nini, maana taa iliyokatwa huficha ugonjwa. Kisha lijaribu kwenye mwinuko mdogo, gari likiwa tupu na nyuma pakiwa hapana mtu wala kitu. Simama kwa breki, weka gia ya kwanza huku umekanyaga klachi, achia breki na uhesabu. Mguu wako ubaki tayari kukanyaga tena.

Kwa dereva: hata kama gari lako linao, kwenye mwinuko mkali wenye mzigo tumia breki ya mkono pamoja nao. Vuta breki ya mkono, weka gia ya kwanza, ongeza mafuta kidogo, achia klachi mpaka usikie injini inazama sauti na gari linataka kwenda, ndipo ushushe breki ya mkono. Ukisimama kumpisha mwenzako, toa gia, vuta breki ya mkono na upumzishe klachi.

Kwa mwenye gari: kaza waya wa breki ya mkono kabla ya msimu kuanza. Ni kazi ndogo kwa fundi. Kabari nayo ibaki kwenye gari, lakini iwe ya mbao iliyochongwa na yenye mpini au kamba ndefu, ili utingo aisukume akiwa amesimama pembeni, mikono yake isikaribie tairi.

Kwa wewe unayekodi gari: una haki ya kuuliza. Kabla hujapakia, mwambie dereva, "Kaka, hebu vuta breki ya mkono hapa kwenye mwinuko tuone." Likiteleza likiwa tupu, likishapakiwa litakuwa baya zaidi. Tunakagua mizani na tunahesabu magunia mara mbili, kwa hiyo dakika 1 ya kukagua breki haitatuchelewesha.

Nikijumlisha: ukiwa na uwezo wa kuchagua kati ya pikapu 2 zinazolingana kwa hali na bei, chukua ile yenye mfumo wa kushika mlima na usimruhusu mtu auzime kwa sababu unamkera siku tatu za mwanzo. Kama uwezo haujafika, breki ya mkono iliyokazwa na dereva anayejua kuitumia vinatosha kabisa. Vyovyote iwavyo, usikubali mzigo wako upandishwe mlimani kwa klachi inayoungua huku mtoto wa mtu ameinama nyuma ya tairi ameshika jiwe.

Makala ijayo tutarudi kwenye matenga yenyewe: jinsi ya kupanga nyanya zisafiri bila kupondeka. Msimu mwema.