Muda wa jikoni nao uingie daftarini

Wakulima wa mwani wa pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Chwaka hadi Bwejuu, Paje na Jambiani, wanaifahamu vyema shida ambayo haiandikwi katika vitabu vya kilimo. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya bahari hutoka zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana. Hizo ndizo saa za kuingia shambani kufunga mbegu, kusafisha kamba na kuvuna. Na hizo hizo ndizo saa ambazo chungu cha mchana kinatakiwa kiwe juu ya moto, maji yawe yamekwisha kutekwa na watoto wanaorudi skuli wakute chakula.

Bahari haisubiri. Mkulima wa mahindi aliyechelewa asubuhi anaweza kulima jioni, lakini mkulima wa mwani akichelewa saa moja amepoteza saa hiyo moja kwa moja. Maji yakirudi, shamba limefungwa. Siku ya pili maji hutoka kwa kuchelewa kiasi cha dakika 40 hadi 50, na baada ya siku chache bamvua hupita na kuja maji mafu, ambayo hayatoki vya kutosha kufanya kazi.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, na tangu hapo sehemu kubwa ya wakulima wake ni wanawake. Mengi yamesemwa kuhusu bei ya mwani, wanunuzi na magonjwa, na ni haki yasemwe. Lakini ni mara chache kuulizwa swali jepesi: mwanamke huyu anaingia baharini saa ngapi, na nini kimemchelewesha nyumbani? Muda wa kazi za nyumbani ni sehemu ya mtaji wa shamba, na mtaji usiohesabiwa hupotea. Wafanyabiashara wana msemo wao: mali bila daftari hupotea bila habari. Muda nao ni mali.

Wazo hili si geni katika uchumi. Mwaka 1965 mchumi wa Marekani, Gary Becker, aliandika makala iliyoitazama familia kama kiwanda kidogo. Familia hununua vitu sokoni, huvichanganya na muda wake, kisha hupata kile inachokihitaji. Mchele, nazi na samaki wa Darajani si chakula bado. Vinakuwa chakula baada ya mtu kutoa saa zake. Kwa hiyo gharama ya mlo ni fedha iliyotoka mfukoni pamoja na muda uliotumika, na mwenye kuhesabu fedha peke yake amefanya nusu ya hesabu.

Katika nyumba nyingi za Unguja kazi zinazokula muda zaidi ni tatu: maji, moto na nazi. Maji huchotwa kisimani, kwenye bomba la jirani au husubiriwa mferejini usiku. Moto wa kuni au makumbi unataka mtu wa kuuchochea, na mkaa unataka muda wa kuwaka. Nazi inataka mtu akae juu ya mbuzi, akune, achuje tui kwa kifumbu, la kwanza na la pili. Kila kazi peke yake ni ndogo. Zikikusanyika katika asubuhi ya bamvua, ndizo zinazoamua kama mkulima ataingia baharini maji yanapoanza kutoka au yanapokaribia kurudi.

Uzito wa kazi hizi ulionekana wazi umeme ulipokatika. Kuanzia Mei 2008 Unguja ilikosa umeme kwa karibu mwezi mzima kutokana na hitilafu katika njia inayouleta kutoka Tanzania Bara. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 hali hiyo ilijirudia, safari hii kwa muda wa miezi mitatu hivi. Pampu za maji zilisimama, na foleni za ndoo zikahamia visimani, mjini na shamba. Kebo mpya ya baharini yenye uwezo wa megawati 100 ilianza kazi mwaka 2013. Somo lililobaki ni kwamba umeme na maji ya bomba ni pembejeo za kilimo kama ilivyo mbegu, kwa sababu huamua nani ana muda wa kwenda shambani.

Sasa ni vyema kufanya hesabu, kwa mfano tu, na kila familia iweke takwimu zake. Tuseme mkulima ana siku 12 za kufaa kwa mwezi, na kila siku maji humpa nafasi ya saa tatu. Tuseme pia kuwa kazi za nyumbani humla saa moja kati ya hizo tatu. Kwa mwezi amepoteza saa 12, sawa na siku nne kamili za bahari. Ikiwa saa moja ya kazi baharini, baada ya kugawa kupanda, kusafisha na kuvuna, inamletea kilo moja ya mwani mkavu, na kilo inauzwa shilingi 700, basi saa zilizopotea ni shilingi 8,400 kwa mwezi.

Hapo ndipo busara inapohitajika. Tuseme mtungi mdogo wa gesi unajazwa kwa shilingi 25,000 kwa mwezi. Familia iliyokuwa ikinunua mkaa wa shilingi 18,000 itaongeza shilingi 7,000, na ikirudishiwa saa zake 12 itapata 8,400. Gesi imejilipa, ingawa faida ni shilingi 1,400 tu. Lakini familia inayookota kuni bila ya kulipa itatoa shilingi 25,000 zote ili kupata 8,400. Kwa familia hiyo gesi haijilipi, mpaka ihesabu pia saa za kwenda maweni kutafuta kuni, na ijue saa hizo zingefanya kazi gani nyingine.

Kwa hiyo kabla ya kununua chombo chochote, familia ijiulize maswali matatu. Chombo hiki kitaokoa dakika ngapi? Dakika hizo zitapatikana saa gani ya siku? Na saa hiyo ina kazi gani ya kuleta kipato? Blenda ya kusagia nazi inayookoa nusu saa asubuhi ya bamvua ina thamani moja, na inayookoa nusu saa jioni ya maji mafu ina thamani nyingine kabisa. Hata hivyo kupumzika nako si hasara. Mwili unaosimama ndani ya maji ya chumvi na kubeba magunia ya mwani mbichi unahitaji mapumziko ili ufanye kazi kesho.

Jambo la kutia moyo ni kuwa hatua za kwanza hazina gharama. Mkulima anayajua maji kabla hayajafika, kwani hufuata mwezi. Basi ratiba ya nyumba nayo ifuate mwezi. Siku za maji mafu ndizo za kufua nguo nyingi, kutafuta kuni za wiki nzima, kutwanga na kusaga, na kutengeneza kamba za mwani. Siku za bamvua jiko libaki na kazi nyepesi. Maharage na choroko vilowekwe usiku ili viive upesi alfajiri. Nazi ikunwe kabla ya kutoka, lakini tui litiwe wakati chakula kinakaribia kuliwa, kwa kuwa chakula cha nazi huchacha haraka kwa joto la Unguja. Chungu kilichokwisha chemka kikifunikwa vizuri na kuwekwa ndani ya kikapu kilichojazwa matambara mazito huendelea kuiva bila moto wala mtu wa kukitazama.

Hatua ya pili isiyo na gharama ni kugawana kazi. Katika familia nyingi za Zanzibar mwanamme ndiye anayekwenda sokoni, na hakuna anayeona ajabu kumkuta Darajani na kikapu chake akichagua samaki na mboga. Mkono uliozoea kubeba kikapu unaweza pia kubeba ndoo ya maji na kuwasha jiko katika siku 12 za bamvua. Mvuvi anayerudi asubuhi amechoka, hilo linaeleweka, lakini si kila mume ni mvuvi na si kila siku ni ya uvuvi. Fedha ya mwani hununua madaftari ya watoto wa wote wawili.

Hapa pana tahadhari moja. Muda wa mama usiokolewe kwa kuuhamishia kwa mtoto wa kike. Familia inayomzuia binti asiende skuli ili apike wakati mama yake yuko baharini haijaokoa muda wowote, bali imekopa kutoka kwa mtoto, na deni hilo hulipwa kwa miaka mingi. Kaka zake wanaweza kukuna nazi na kuteka maji vilevile.

Kwa wafanyabiashara wadogo wa mjini hesabu ni ile ile, ingawa saa yao si ya bahari. Muuza mandazi wa Mji Mkongwe hupata wateja wake kabla ya saa mbili asubuhi, na muuza urojo huwapata jioni. Maji ya mfereji yakitoka wakati wa kukanda unga au kuchemsha viazi, biashara ya siku imechelewa. Kwake yeye pipa la kuhifadhia maji linaweza kuwa na faida kuliko meza ya pili ya kuuzia. Wanawake watano wa mtaa mmoja wanaokaanga bajia hawahitaji mashine tano za kusagia kunde. Mashine moja inayonunuliwa kwa fedha ya upatu na kutumiwa kwa zamu inawatosha, mradi zamu ziandikwe na mchango wa matengenezo utolewe kila mwezi.

Suala hili linazidi kuwa na uzito kwa sababu kazi ya mwani yenyewe inaongezeka. Aina ya cottonii, ambayo hupata bei nzuri zaidi ya spinosum, imekuwa ikifa katika maji ya kina kifupi yanapopata joto kali. Kuipeleka kwenye maji ya kina kirefu kunahitaji chombo, na pia muda. Kusaga mwani na kutengeneza sabuni, kama wanavyofanya wanawake wa Kidoti na Paje, huongeza thamani ya zao, lakini nako kunataka saa za kutulia. Kazi hiyo ina sifa moja nzuri: haitegemei maji kupwa, hivyo inafaa sana kwa siku za maji mafu. Mwanamke asiye na muda atabaki kuuza mwani mkavu kwa bei anayopangiwa.

Serikali na taasisi nazo zina wajibu. Sheria ya Maji ya mwaka 2006 ndiyo iliyounda Mamlaka ya Maji Zanzibar. Wananchi wangependa maji yatoke kila saa, lakini pale ambapo hayatoshi, ratiba ya mgao inayotangazwa na kufuatwa ina faida kubwa, kwani mtu anayejua maji yatatoka saa kumi jioni hakeshi akisubiri mferejini. Mwezi Mei 2024 Serikali ya Muungano ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania. Mipango ya namna hii ikifika vijijini, ipimwe pia kwa saa zinazorudi kwa mpishi, pamoja na miti inayosalimika.

Lipo pia jambo dogo ambalo masheha, mabwana shamba na viongozi wa ushirika wanaweza kulianza bamvua lijalo. Mikutano, mafunzo na ugawaji wa pembejeo visipangwe asubuhi za bamvua. Kumwita mkulima wa mwani kwenye semina ya kuongeza kipato saa nne asubuhi, maji yakiwa yametoka, ni kumpunguzia kipato hicho hicho. Mwandamo wa mwezi unajulikana na kila mzee wa kijiji, na kuutazama kabla ya kupanga tarehe hakuhitaji bajeti.

Kwa upande wa familia, mwezi mmoja unatosha kwa majaribio. Yeyote nyumbani anayejua kuandika, hata mtoto wa skuli, afungue ukurasa katika daftari aandike kila siku ya bamvua: maji yametoka saa ngapi, mama ameingia baharini saa ngapi, na kilichomchelewesha ni nini. Mwisho wa mwezi mume na mke waketi wausome ukurasa huo pamoja. Ikiwa kilichoandikwa mara nyingi ni maji, pipa litangulie. Ikiwa ni moto, hesabu ya gesi ifanywe kwa makini. Na ikiwa ni mgawanyo wa kazi, hakuna cha kununua.