Okidi na Iachwe Msituni

Simlaumu mtu aipendaye okidi hata akatamani kuwa nayo barazani kwake, kwani ni ua lenye haiba. Ninalolikataa kwa moyo wangu wote ni ile ada ya kununua okidi iliyobanduliwa mtini, mizizi ikining'inia, ikauzwa kando ya barabara kwa bei duni.

Ile waiitayo wataalamu Ansellia africana, yenye maua ya manjano na madoa ya hudhurungi, huota juu ya miti ya misitu ya pwani yetu pasi na kuinyonya, maana mti ni maskani yake tu, na riziki yake huipata katika mvua na majani makavu yanaswayo na mizizi yake myembamba ielekeayo juu. Mbegu zake ni laini kama vumbi, wala hazina akiba ya chakula, hata msituni haziwezi kuchipua ila zikutane na kuvu ya kuzilisha; na chache zinazojaaliwa huchukua miaka kadhaa kabla ya kuchanua. Abanduaye shina kubwa huondoa kazi ya miaka hiyo yote, na aghalabu shina lenyewe humfia mnunuzi.

Kule Kitulo, uwanda uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, wachimbao viazi vya okidi ili vivushwe Zambia vikapikwe chakula kiitwacho chikanda wana hoja ya tumbo. Sisi wa mapambo tuna hoja gani, ilhali tangu mwaka 1922, Lewis Knudson wa Marekani alipotangaza jinsi ya kuziotesha mbegu za okidi chupani kwa sukari bila ya kuvu, okidi zaweza kukuzwa kwa wingi pasipo kugusa msitu? Basi mnunuzi na amuulize mwenye kitalu miche yake imetoka wapi, na asiporidhika na jawabu, aondoke.

Akishaipata okidi yake, asiizike udongoni, kwani mizizi yake hutaka hewa kama itakavyo maji. Makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, yakarowekwa na kusuuzwa hata chumvi ikatoka, pamoja na vipande vya mkaa, yatosha katika chungu chenye matundu mengi, pahala penye mwanga usio wa jua kali la adhuhuri. Amwagilie asubuhi; mizizi ikiwa nyeupe, imekauka, na ikiwa kijani, ingali na maji. Na shina likijaa chungu, aligawe, ampe jirani aliyekuwa akiliangalia kwa matamanio, ili naye asipate haja ya kumtuma mtu msituni.