Mashine ya Nairobi inayosoma kansa: tusiuze parsele kabla ya biyopsi

Wiki hii kijana mmoja wa Kasenga alipiga simu hapa studio. Mdogo wake ana uvimbe kwenye paja, na ndugu yao aliye Nairobi amewaambia kwamba kule kuna mashine inayosema kama mgonjwa wa kansa atapona ao hapana. Familia inataka kuuza parsele. Je, wauze?

Mashine ipo kweli. Inaitwa PET, na Nairobi iko kwenye hospitali ya Aga Khan na ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mgonjwa anakwenda bila kula, anadungwa sukari yenye mionzi kidogo, anapumzika karibu saa moja, kisha anapigwa picha. Chembe nyingi za kansa zinakula sukari kupita kiasi, basi pale zilipo panawaka. Ekografi inaonyesha ukubwa wa uvimbe. Hii inaonyesha namna uvimbe unavyokula.

Kwa kansa za nyama, mafuta na mishipa, zile madaktari wanaita sarkoma, jambo hilo lina maana. Uvimbe unaokula sana mara nyingi ni mkali zaidi. Tena mgonjwa akipewa kemo, uvimbe unaweza kubaki na ukubwa uleule hata kama ndani unakufa. Sukari ikishuka sana kati ya picha ya kwanza na ya pili, daktari anaona dawa inashika. Isiposhuka, anaweza kubadili njia mapema, mgonjwa asiteswe bure. Lakini huo si unabii. Kifua kikuu nacho kinawaka kwenye picha hiyo, na sisi huku kifua kikuu tunakijua vizuri.

Wengine wanauliza kwa nini mashine isiletwe Uvira. Shida si mashine peke yake: nguvu ya dawa ile inapungua nusu kila dakika 110, kwa hiyo inatengenezwa karibu na mgonjwa. Kwa barabara yetu ya Bukavu ingeishia njiani.

Turudi kwa kijana. PET haiwezi kusema uvimbe ni wa aina gani. Hiyo ni kazi ya biyopsi, kipande kidogo kinachotazamwa kwa mikroskopu. Ukifika Nairobi bila karatasi ya biyopsi, wataanzia palepale, na makuta ya parsele yatakuwa yameliwa kabla ya operesheni. Tusisahau pia kwamba sarkoma tuliyoizoea sana upande huu ni Kaposi, ile ya madoa meusi mguuni. Mara nyingi inatembea na virusi vya UKIMWI, na dawa za virusi hivyo peke yake zinaweza kuipunguza.

Uvimbe unaopita sentimita 5, ulio ndani sana ao unaokua haraka, uonwe na daktari mara moja. Usichanjwe, na usikatwe ovyo kabla haujajulikana: mkato mbaya unaweza kusambaza kansa kwenye nyama ya pembeni.

Kijana aliuliza kipande kitapelekwa wapi. Hapo ndipo penye uzito kuliko Nairobi: tangu M23 waingie Bukavu, mwezi wa pili 2025, safari ya kule si ya kupanga asubuhi na kuondoka mchana. Tulimshauri aanzie hospitali kuu, aulize wanatuma wapi na kwa njia gani. Alisema atakwenda Jumatatu. Parsele bado haijauzwa.