Saiwa Haihitaji Spika

Wiki iliyopita msee mmoja niliyesoma naye alituma picha kwenye grupu letu la WhatsApp. Yeye na wenzake wamejipanga juu ya daraja la mbao la Saiwa, spika kubwa katikati yao. Chini ameandika kwamba wamezunguka mbuga nzima na hawajaona kitu. Hakuna simba, hakuna hata ziwa la maana, ni matope tu. Eti serikali ichangamshe hiyo mahali. Watu wakajaza vidole gumba.

Kwenye grupu nilinyamaza. Wacha nijibu hapa.

Buda, Saiwa haikutengwa kwa ajili yako. Ilitengwa 1974 kwa ajili ya nzohe, swala anayeishi majini, mwenye kwato ndefu zilizotanuka ili asididimie kwenye matope. Unajua nzohe akitishwa hufanya nini? Huzama ndani ya maji na matete, akabakisha pua juu apate kupumua. Kwa hivyo mlipopita na ngoma zenu, huenda alikuwa hatua chache tu kutoka kwenye daraja, anangoja muondoke. Hamkumwona kwa sababu alishawasikia.

Ni mbuga ya kilomita 3 hivi za mraba, ndogo kuliko mbuga zote za kitaifa Kenya, na ndani hakuna gari linaloingia. Unatembea. Hebu fikiria: nchi hii kuona wanyama ni shughuli ya wenye Land Cruiser. Sisi wengine Mara tunaiona kwenye simu. Hapa karibu na Kitale, ukishuka kwenye barabara ya Kapenguria na kupanda boda, kuna mbuga inayokudai miguu tu, na wewe unailalamikia kwamba imetulia!

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa. Nikarudi Bungoma. Kama hujawahi kurudi nyumbani bila cheti, hujui swali la "umefikia wapi?" linavyochosha, hasa likitoka kwa mjomba aliyekuchangia harambee. Nikitoka nje nikae peke yangu kwenye ukuta karibu na stendi, mimi ni mvivu. Jua likizama, mimi ni mwizi. Siku moja nikapanda matatu, Webuye, Kiminini, Kitale, nikaenda Saiwa. Nikapanda kibanda cha kutazamia kilichojengwa juu ya mti, nikakaa saa tatu. Kukaa kulekule! Ila sasa nimelipa, kwa hivyo naitwa mtalii, na askari wa getini ananiuliza kwa heshima kama nimefurahia.

Niliona masikio mawili na mgongo wenye maji. Yakapotea. Nilitosheka kabisa.

"Kuchangamsha" tunakujua. Kutakuja banda la nyama choma, kisha maegesho, kisha taa. Na kinamasi chenyewe kimeshabanwa: mahindi ya Trans Nzoia yamelimwa hadi mpakani, mvua ikinyesha mbolea inateremka. Maji hayo hayaishii hapo. Yanaingia Nzoia, yanapita Webuye, yanaendelea hadi Ziwa Victoria. Wewe wa Bungoma unayeita Saiwa matope, mto unaopita kwenu unanywa kutoka huko.

Jambo moja nakubali, na hapo nitapiga kelele nawe: kiingilio pamoja na nauli si mchezo kwa kijana asiye na kazi. Kama kuna ombi la kupeleka kwa serikali, liwe hilo. Kijana wa Kipsaina anayechunga ng'ombe nje ya ua aweze kuingia bila kuuza kuku.

Mwezi ujao naenda tena. Nauli yako hadi Kitale nitalipa mimi, najua unatuchukulia sisi walioacha chuo hatuna kitu. Tutaingia asubuhi mapema, kabla jua halijakaza. Spika uiache kwa mama.