Transista Kubwa Si Dawa

Mwandishi anayewashauri mafundi wa inveta za sola wa Katesh na Haydom wafunge transista kubwa zaidi kila moja inapoungua anawapotosha. Kwa kawaida, transista ikiwa kubwa, geti lake hudai chaji nyingi zaidi. Geti la transista ya IRF3205 laweza kudai nanokulombu 146. Kulijaza kwa nanosekunde 100 kunahitaji takriban ampea 1.5, lakini pini ya kidhibiti inayotoa miliampea 20 itachukua takriban maikrosekunde 7. Kwa sehemu ya muda huo transista imefunguka nusu, na umeme unageuka joto. Mafundi, someni kwanza chaji ya geti, amueni kasi, ndipo mchague draiva, yaani chipu inayolijaza geti: IR2110, kwa mfano, hutoa ampea 2. Kumfungia mkulima wa Hanang transista mpya bila kukagua draiva ni kumuuzia hitilafu ileile.