Mieleka ya Seng'enge na Msala wa Ulingoni

Ndugu msomaji, leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi katika wazee wa majumbani hawalijui, na wengi katika watoto wao wanalijua kupita kiasi. Nalo ni ile mieleka ya kulipwa ya Marekani na Japani, na khasa lile tawi lake ambalo wenyewe wameliita mieleka ya mauti. Humo kamba za ulingo huondolewa zikafungwa seng'enge. Wapiganaji hupasuliana vichwani zile tyubu ndefu za taa tunazozitia madukani. Huangushana juu ya misumari na juu ya meza zinazowaka moto. Na watu hulipa ili watazame. Kijana akishaonja kuyatazama hayo katika simu yake hakosi wa kumwongoza. Huambiwa: anza na pigano hili, halafu lile, haya ndiyo ya zamani yaliyo bora. Basi ikiwa mgeni hana budi kupata kiongozi, nami nitamwongoza. Nitayataja mapigano hayo hayo wanayoyasifu, kwa miaka yake na kwa miji yake, ila sitayapita mbio yale wanayoyapita mbio wao.

Wala mtu asinifahamu vibaya. Mieleka yenyewe haikuharimishwa. Imepokewa kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alishindana mieleka na Rukana, mtu aliyesifika kwa nguvu katika Makureshi, akamwangusha, na ijapokuwa Imam Tirmidhi ameizungumza isnadi ya khabari hiyo, wanazuoni hawakuacha kuitaja kuwa ni dalili ya kufaa mchezo huu. Na katika khabari za Uhud wametajwa vijana wawili, Rafi na Samura, walioshindanishwa ili aonekane nani ana nguvu za kwenda vitani. Ama mieleka ambayo kila mmoja humhalalishia mwenzake kumwumiza, Majmaa ya Fiqhi ya Rabita huko Makka iliitolea uamuzi tangu Oktoba 1987, pamoja na ngumi na mchezo wa kuchoma mafahali, kuwa ni haramu. Na ile ya mazoezi isiyo na madhara ikaiacha katika uhalali wake. Kwa hivyo mwenye kusema kuwa masheikh hawajui ila kukataza, na arudi akasome.

Hoja ya kwanza utakayoisikia ni hii: "Sheikh, ule ni uwongo, ni maigizo tu." Kweli, atakayeshinda hupangwa kabla. Na ile damu ya usoni mara nyingi mpiganaji huitoa mwenyewe: huficha kipande cha wembe katika bandeji ya mkono, akaanguka kifudifudi kama aliyezirai, akajichanja kipajini, kwani ngozi ya kipaji hutoa damu nyingi kwa jeraha dogo, na jasho likichanganyika nayo uso mzima huwa mwekundu. Haya wenyewe wameyasema, si siri tena. Lakini zingatia: ushindi ni wa uwongo, wembe ni wa kweli. Aliyejeruhiwa katika shindano la kweli ana la kusema, kwamba alikuwa akitaka kushinda. Huyu hakuwa na cha kushinda. Amejikata ili atazamwe. Basi anayesema "ni uwongo tu" ameizidisha hukumu, hakuipunguza.

Sasa twende kwenye asili ya mambo, na hapa ndipo panaponiuma mimi. Ukiifuata nyayo mieleka ya damu utafikishwa kwa mtu aliyejulikana ulingoni kwa jina la The Sheik. Si yule Muirani aliyekuja baadaye. Huyu ni Ed Farhat, mzaliwa wa Lansing, Michigan, mwaka 1926, wa wazazi waliohamia kutoka Lebanon, na katika Vita Vikuu vya Pili alikuwa askari wa Marekani. Ulingoni walimfanya tajiri wa Syria asiyejua neno la Kiingereza. Alikuja na kilemba cha Kiarabu, akatandika msala, akapiga magoti na kuinama kama anayemwomba Mola wake, huku watu wa Detroit wakimzomea. Akimaliza, hutoa penseli akamchoma nayo mwenzake kipajini, au akamtupia moto usoni.

Msala, ndugu yangu! Ulikuwa chombo cha mchezo, kama vile penseli. Mtoto wa Kimarekani wa zama hizo, ambaye pengine hajapata kukaa na Mwislamu hata siku moja, alionyeshwa mtu akiinama juu ya msala, na baada ya kuinama ikaja damu. Tena alikuwapo mwenziwe, mtu wa Windsor, Canada, ambaye walimtangaza kuwa ni mwendawazimu kutoka Sudan, na silaha yake ni uma wa kulia chakula. Jina walilompa ni Abdullah Mchinjaji. Abdullah, jina la babake Mtume (S.A.W.), jina ambalo katika kila mtaa wetu wa pwani hukosi kulikuta nyumba mbili tatu! Wote wawili kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani imewaingiza katika orodha ya mashujaa wake, wa kwanza mwaka 2007 na wa pili mwaka 2011. Na vijana wetu huwashangilia, wengine kwa kudhani kuwa wale ni watu wetu.

Farhat hakuacha kazi hiyo mpaka uzeeni. Mei 1992, hali ana miaka 65, umri ambao mimi na wenzangu tunaomba tujaaliwe nguvu za kupanda ngazi za msikiti, alikuwa Japani ndani ya ulingo uliozungushwa seng'enge zikawashwa moto. Moto ukawashinda waliouwasha, pigano likakatika baada ya dakika chache, na mzee akatoka ameungua vibaya. Aliyesimama upande wake siku hiyo ni mtoto wa nduguye, aliyefunzwa kazi na yeye mwenyewe, jina lake la ulingoni Sabu. Mzee wa ukoo alikuwa na elimu moja ya kurithisha, akairithisha hiyo.

Na huyo Sabu ndiye katika wale wanaowekwa mbele ya kila mgeni. Watakwambia pigano lake na Terry Funk, Philadelphia, tarehe 9 Agosti 1997, ni katika yasiyosahaulika. Ni kweli, halisahauliki: seng'enge ilimchana msuli wa mkono ukafunguka, akataka utepe, akaufunga mkono wake mbele ya watu, akaendelea mpaka mwisho. Aprili 2025, akiwa na miaka 60, aliingia tena katika seng'enge. Mei ya mwaka huo huo akafa. Sisemi kuwa seng'enge ndiyo iliyomuua, kwani ajali ni ya Mungu. Nasema tu kuwa hayo ndiyo aliyoyafanya kwa mwili wake mpaka mwezi wa mwisho.

Japani ndiko jambo hili lilikokuzwa likawa biashara yenye mpango. Atsushi Onita alianzisha kampuni yake, FMW, mwaka 1989, na tarehe 4 Agosti 1990, Shiodome, Tokyo, akapigana na Tarzan Goto ndani ya seng'enge iliyotegwa baruti. Jina lake likavuma mpaka mwaka 2001 akachaguliwa katika baraza la juu la bunge la nchi yake. Agosti 1995, Kawasaki, mashindano ya siku nzima yalimalizika kwa Terry Funk, wa miaka 51, na Mick Foley, kuangushana juu ya mbao zinazolipuka. Mwaka 1996 kampuni nyingine ikaweka tangi la samaki wale wenye meno makali, piranha, katikati ya ulingo. Hebu hesabu: penseli, uma, seng'enge, moto, baruti, samaki. Kwa nini haikutosha penseli? Kwa sababu aliyeiona jana leo anataka zaidi, na muuzaji hana bidhaa nyingine ya kumwongezea ila ngozi ya mtu.

Sasa nakuja kwenye pigano ambalo waongozaji wengi hulitaja kwa sauti ya chini. Novemba 1996, Revere, Massachusetts, kampuni ya ECW ilikosa mpiganaji mmoja. Akajitokeza kijana, akadanganya umri wake, akaambiwa apande. Alikuwa na miaka 17. Hakuwahi kujichanja, basi akamwomba mpinzani wake, New Jack, amchanje yeye. Akamchanja kwa kisu cha madaktari, kikakata mishipa ya damu, na damu ikaruka. Baba yake alikuwamo ukumbini akipiga kelele kwamba mwanawe ana miaka 17. Aliyemkata akashtakiwa, na mwaka 1999 mahakama ikamwachilia. Ilisemwa kuwa kijana mwenyewe ndiye aliyeomba.

Hapa ndipo penye fundo lote. Hoja yao kubwa si kwamba ni uwongo, hoja yao kubwa ni ridhaa: "Wameridhiana, wewe yakuhusu nini?" Jee, watu wawili wakiridhiana riba, riba huwa halali? Wakiridhiana zina? Kwetu sisi mwili si shamba la mtu aliuze akitaka. Ni amana, na mwenye amana hana ruhusa ya kuiharibu hata kama mwizi na mlinzi wamekubaliana. Aya ya 195 ya Suratul Baqara na aya ya 29 ya Suratun Nisaa zimekataza mtu kujitia maangamizoni na kuiua nafsi, wala hazikuweka sharti kwamba asiwe ameridhika. Na uso, ambao katika mchezo huu ndio unaolengwa kwanza, Mtume (S.A.W.) amekataza kuupiga, na hadithi yake imo katika Bukhari na Muslim.

Tena ridhaa ya mmoja haifiki kwa wote. Huyo aliyeitwa Abdullah, mahakama ya Ontario mwaka 2014 ilimwamuru alipe zaidi ya dola za Canada milioni 2 kwa mpiganaji aliyeambukizwa homa ya ini kwa sababu ya kuchanjwa naye ulingoni. Yule alikubali mchezo. Jee, alikubali na ugonjwa?

Na watoto wa mpiganaji, nani amewauliza ridhaa yao? Januari 1999, Anaheim, California, Mick Foley alifungwa pingu mikono nyuma, akapigwa kichwani kwa kiti cha chuma mapigo 11. Mkewe na watoto wake wawili wadogo walikuwa wamekaa mbele kabisa. Waliambiwa nyumbani kuwa ni mchezo. Filamu ya mwaka huo iitwayo Beyond the Mat imewaonyesha wakilia, mama akiwatoa. Ilikuwa lazima ipite miaka 11 mingine, na ubongo wa mpiganaji Chris Benoit, aliyemuua mkewe na mwanawe kisha akajiua Juni 2007, uchunguzwe ukakutwa umeharibika, ndipo mwaka 2010 kampuni hiyo ikakataza kupigana viti vya kichwa. Na wale waliokuwa wakisema ni uwongo tu, siku hiyo walinyamaza.

Basi ewe baba, na ewe mama uliye jikoni ukadhani mtoto juu anadurusu: usiivunje simu. Ukiivunja ataazima ya mwenziwe. Kaa naye, umwulize anamtazama nani, na ukisikia majina haya niliyoyataja umsimulie khabari zao mpaka mwisho, kwa sababu yeye amesimuliwa nusu. Mwulize watoto wa Foley walikuwa wakilia nini ikiwa ule ulikuwa mchezo. Mwulize ule msala ulikuwa wa nini pale. Na ukimkuta anaruka kutoka juu ya kitanda akimwangukia nduguye mdogo, usicheke, maana anakutazama ajue kama nawe ni katika watazamaji.

Akikwambia anapenda mieleka yenyewe, mchukue pwani maji yakitoka, baada ya Alasiri. Watoto wa chuo changu hushindana pale penye mchanga laini, wawili wawili walio sawa kwa kimo. Anayemwangusha mwenziwe mgongo ndiye mshindi, anayegusa uso au shingo hutolewa, na adhana ya Magharibi ikilia hujipangusa mchanga wakaenda kutawadha.